Laxton, Nottinghamshire: mashamba yasiyo na uzio, na baraza linalokagua mipaka kwa miguu

binti_wa_Rombo aliandika:

Wakuu, habari za usiku. Wakubwa shikamooni.

Niko Newark mwaka wa nne sasa, natunza wazee majumbani mwao. Swali langu ni la ardhi ya huku Uingereza, ila linanigusa nyumbani, kwa hiyo naomba mnisome mpaka mwisho.

Kuna mzee mmoja ninayemhudumia ambaye alilima maisha yake yote. Macho yamemchoka, lakini mtajie udongo uone anavyokaa wima. Alhamisi ya mwisho ya Novemba mwanawe alikuja kumchukua, nami wakanibeba kwenye gari. Tukaenda Laxton, upande wa Ollerton, kuangalia mipaka inavyokaguliwa.

Mnaoishi huku mnajua mashamba ya Kiingereza yalivyo. Kila kipande kimezungushiwa ua wa miiba, ukiwa kwenye basi unaona miraba ya kijani hadi unasinzia. Laxton tulipita nyumba, tukapita kanisa, tukaingia njia ya udongo, na hapo ua ukaisha. Mbele yetu shamba moja linapanda mlima na kushuka upande wa pili, ngano imetoka ardhini kama vidole viwili, hakuna waya wala mti wa mpaka. Nikajua ni la tajiri mmoja. Mzee akasema hapana, hilo lina wakulima wengi, kila mtu na ukanda wake. Akanionyesha nisimamie wapi. Na kweli, ukiinama ukatazama kwa usawa wa majani unaona mahali mistari ya ngano ya huyu inapoachana na ya yule. Upande mmoja kijani kimekolea, maana alipanda mapema.

Wakaja wakaguzi kwa trekta na tela, wamekalia mafungu ya majani makavu, wote wakulima wa pale pale. Walishuka kila baada ya hatua kadhaa. Kuna sehemu plau ilikuwa imekula njia. Mmoja wao, mtu mzima, alipiga magoti kwenye matope akafukua kwa vidole mpaka akakuta mizizi ya majani chini ya udongo uliogeuzwa. Akasema njia ilikuwa inafika hapa. Wakapima, wakapigilia kigingi kwa nyundo kubwa, wakaandika. Aliyelima ukanda ule alikuwa amesimama nao palepale, mikono mfukoni. Hakubisha. Wakapanda tela wakaendelea.

Wakuu, nilisimama pale kwenye baridi machozi yananitoka, nikasingizia upepo.

Kwetu Rombo, Kilimanjaro, mpaka ni isale, ule mmea wa majani marefu unaopandwa kama alama. Baba alipanda manne kati ya kihamba chetu, yaani shamba la ukoo la migomba, na cha baba mdogo, na hayo masale yalitosha muda wote walipokuwa hai. Baba ametutoka, baba mdogo naye katangulia, sasa kaka yangu na watoto wa baba mdogo hawasalimiani. Kila upande unasema mwenzake kahamisha isale usiku. Huu ni mwaka wa tatu kesi inazunguka, na kila nikipiga simu nyumbani mama analia.

Kwa hiyo naomba anayejua anifundishe. Baraza hili lina nguvu kweli au ni maonyesho ya wageni? Kwa nini limebaki kijiji hiki tu? Na wanawezaje kuishi hivyo bila kutoana macho?

---

Mzee_wa_Plau alijibu:

Marahaba mwanangu, na pole sana na msiba wa mpaka, maana huo nao ni msiba.

Mimi ni mtu wa Makete. Nimebeba nafaka kwa lori mkoa huo wa Nottinghamshire miaka kumi na tisa, na Laxton nimepakia ngano mara nyingi. Nikueleze nilichokiona na nilichoambiwa na wenyewe.

Baraza lina nguvu. Jina lake ni Court Leet, ni la tangu enzi za kale, za mabwana wenye ardhi. Mabaraza ya aina hiyo yalikuwa kila mahali Uingereza. Bunge lilipopitisha sheria ya mwaka 1977 ya kuyavua mamlaka ya kuhukumu, la Laxton liliachwa na mamlaka yake, kwa sababu lilikuwa bado linafanya kazi yenyewe ya kuendesha mashamba. Wale uliowaona kwenye tela ni jopo la watu kumi na wawili na kiongozi wao. Wiki moja baada ya ukaguzi baraza linakaa kwenye baa ya kijiji, Dovecote Inn, chini ya wakili wa mwenye ardhi. Majina yanasomwa, faini zinatajwa, jopo jipya linaapishwa. Faini ni pauni chache tu. Mkulima mmoja aliniambia angelipa mara mia kimya kimya kuliko jina lake kusomwa mara moja mbele ya majirani anaokunywa nao.

Sasa uelewe wanachokagua. Mashamba makubwa ni matatu: West Field, South Field na Mill Field. Mzunguko ni wa miaka mitatu. Mwaka huu ngano ya kupandwa kabla ya baridi, mwaka unaofuata mazao ya masika kama shayiri, mwaka wa tatu shamba linalazwa au linapandwa majani ya mifugo. Kila mwenye ukanda katika shamba hilo anafuata zamu hiyo, hawezi kuamka asubuhi akapanda anachotaka. Jopo linakwenda kwenye shamba lililotoka kupandwa ngano, kwa hiyo kila shamba linakaguliwa mara moja katika miaka mitatu. Wanaangalia mitaro imezibuliwa, kigingi kipo, njia haijaliwa, na vibonde vya majani havijaguswa.

Hivyo vibonde usivipite hivi hivi ukirudi. Wenyewe wanaviita sykes. Ni mabonde membamba kati ya mashamba ambako maji yanashuka, pabichi au pana mteremko kiasi cha kushinda plau. Hayajawahi kulimwa. Majani yake yanauzwa kwa mnada kila mwaka wakati wa kiangazi. Nenda Juni kabla hayajakatwa, uone maua yaliyokwisha kwenye mashamba ya kawaida ya huku. Eneo la Laxton Sykes linalindwa kisheria kwa ajili ya hiyo mimea. Plau ikila bonde kidogo mwaka huu na kidogo mwaka ule, baada ya kizazi kimoja bonde halipo. Ndiyo maana yule mtu mzima alipiga magoti.

Umeuliza kwa nini Laxton tu. Kwanza nikurekebishe kidogo. Mashamba ya kanda bila uzio yapo pia Braunton kule Devon, na Isle of Axholme kule Lincolnshire. Ila baraza linaloyaendesha limebaki Laxton. Zamani sehemu kubwa ya Uingereza ya kati ililimwa hivi. Halafu wenye ardhi wakaona faida ya kukusanya vipande, kuweka ua na kufuga kondoo au kulima wapendavyo, na Bunge likawapa sheria moja moja kwa kila parishi. Kati ya 1604 na 1914 zilikuwa zaidi ya 5,200, zikagusa ekari milioni 6.8. Ile miraba uliyoiona kwenye basi mingi ndiyo matokeo yake, na miiba ile ilipandwa na vibarua waliokuwa wanalisha ng'ombe wao hapo hapo juzi yake.

Laxton ilipona kwa sababu ardhi yake ilikuwa na wakubwa wawili, familia ya Manvers na familia ya Scarbrough, na hawakuelewana jinsi ya kugawana. Vita vya panzi furaha ya kunguru. Walipokuja kupatana wakati ulishapita. Mwanzoni mwa karne iliyopita kanda ziliunganishwa zikawa chache na pana zaidi, kwa hiyo usidhani unaona Enzi za Kati zenyewe. Mwaka 1952 Manvers wakauza kwa Wizara ya Kilimo, 1981 ikaenda kwa shirika linalosimamia ardhi ya Ufalme, na 2020 ikanunuliwa na Thoresby Estate, ambao ni ukoo ule ule wa Manvers. Ardhi imerudi ilikotoka baada ya karibu miaka sabini.

Na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri mwanangu, kwa sababu ya kaka yako. Wakulima wale karibu wote ni wapangaji wa mwenye ardhi mmoja. Hakuna aliyezika baba yake kwenye ule ukanda. Hakuna anayegawia wanawe wanne ukanda uleule. Mpaka ukisogea futi moja, amepoteza futi moja ya ngano, hajapoteza babu. Kwa hiyo upendo unaouona pale nusu yake ni desturi njema, na nusu ni kwamba ardhi si yao. Usimpigie kaka yako simu ukamwambia Wazungu wanaweza kwa nini ninyi mnashindwa. Utamuumiza, na si kweli.

---

Gatundu_hadi_Derby alijibu:

Mzee wa Plau, heshima yako. Umeeleza hadi nimeona hayo matope.

Mimi ni Mkenya, na hii habari ya kukusanya vipande imenirudisha kwa cucu wangu, yaani nyanya yangu. Yeye alikuwa na vipande sita. Kimoja karibu na mto cha nduma (magimbi) na ndizi, viwili pale juu penye udongo mwekundu, kimoja mbali kabisa ng'ambo ya kilima, kingine sijui wapi. Watu wa serikali wakisema huo ni ujinga, mtu anamaliza siku akitembea. Lakini cucu alikuwa anatuambia mvua ikikataa huku inakubali kule, mafuriko yakibeba nduma viazi viko juu. Laxton walikuwa na sababu hiyo hiyo ya kutawanya kanda: kila mtu apate udongo mzuri kiasi na mbaya kiasi, penye maji na pakavu. Si bahati mbaya, ilikuwa hesabu.

Kisha 1954 ikaja mpango wa Swynnerton, afisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni. Vipande vikusanywe, kila mtu apewe shamba moja na hati. Dawa ile ile waliyojinywesha kwao wakatuletea, na wakaileta katikati ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni. Mipaka ilionyeshwa na waliokuwepo. Babu yangu aliporudi kutoka kizuizini alikuta shamba lake limekuwa kipande kimoja chenye mteremko na mawe, na penye nduma pana mtu mwingine na karatasi mkononi.

Dada wa Rombo, ninachotaka kukuambia ni hiki. Ukisoma ulivyoandika, wewe hukuwepo baba alipopanda hayo masale? Au ulikuwepo? Kwa sababu kama ulikuwepo, wewe ni shahidi, na umekaa Newark.

---

shuka_la_Lamu alijibu:

Asalaam aleikum nyote. Mimi nina moja tu.

Kuna ramani ya Laxton ya mwaka 1635, aliichora mpimaji Mark Pierce, na iko Oxford kwenye maktaba ya Bodleian. Kila ukanda umechorwa, na pembeni kuna vijitu vidogo vinalima, vinapanda, vinavuna. Ni kitu kizuri mno, nami ninafanya kazi ya uchapaji, najua mkono uliotulia nikiuona. Lakini aliyeagiza ichorwe ni Sir William Courten, mfanyabiashara wa London aliyekuwa amenunua ardhi hiyo. Ni yeye aliyegharimia meli zilizopeleka walowezi wa Kiingereza Barbados mwaka 1627, na sote twajua Barbados ilikuja kulimwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Watu wakisifu urithi wa kijiji kile, na hilo nalo litajwe. Ni sehemu ya shamba lile kama kigingi kilivyo.

Dada, ukirudi kule upite pia kwenye boma la kale, kaskazini ya kanisa. Limebaki vilima vya udongo na mahandaki tu, lakini ukisimama juu waona nchi yote.

---

Mzee_wa_Plau alijibu:

Shuka la Lamu, ahsante kwa hilo la Courten. Ramani nilikuwa naijua, mwenyewe sikumjua.

Niongeze kitu nilichosahau, maana kitamsaidia binti. Angalia majani ya malisho ya zamani popote Uingereza ya kati, jua likiwa chini, asubuhi au jioni. Utaona mawimbi ardhini, tuta na bonde, tuta na bonde, kama shuka iliyokunjwa. Hayo ni matuta ya kanda za zamani zilizogeuzwa malisho baada ya kuzungushiwa ua. Tazama tena utaona hayajanyooka, yamepinda kama herufi S iliyogeuzwa. Ni kwa sababu ya maksai. Jozi nne za maksai na plau ni msafara mrefu, haugeuki papo hapo, kwa hiyo mwongozaji alianza kuwapindisha mapema kabla ya kufika mwisho wa ukanda. Wakafanya hivyo miaka mia baada ya miaka mia mpaka ardhi yenyewe ikapinda. Urefu wa ukanda ulikuwa yadi 220, kama mita 200, na ukizidisha kwa upana wa yadi 22 unapata ekari. Ndiyo hii ekari tunayouziana mashamba Makete mpaka leo.

Nilikuwa nasimamisha lori kuangalia hayo matuta kila nilipopata nafasi. Nimemwona mkulima mmoja akisawazisha malisho ya namna hiyo kwa mashine, siku mbili tu, yakaisha. Sikulala vizuri siku ile, na shamba halikuwa langu.

---

binti_wa_Rombo alijibu:

Wakuu, ahsanteni. Nimesoma kwenye basi la asubuhi, nikasoma tena saa ya chakula.

Mzee wa Plau, umenishika mkono kabla sijakosea. Nilikuwa nimeshaandika ujumbe wa kumtumia kaka, na ulikuwa na hayo hayo maneno uliyonikataza. Nimeufuta.

Kaka wa Gatundu, swali lako limenikosesha raha kazini siku nzima. Ndiyo, nilikuwepo. Nilikuwa na miaka tisa au kumi. Baba alikata vipande vya isale kutoka la babu, mimi nikabeba ndoo ya maji. Baba mdogo ndiye aliyechimba. Isale la tatu walilipanda mara mbili, kwa sababu shimo la kwanza lilikuwa limeelekea mfereji na baba mdogo akasema maji yatalisomba. Wakalisogeza kuelekea KWETU. Baba alikubali mwenyewe, nilimsikia, akasema chukua, migomba yangu haifiki huko. Halafu wakaenda kunywa mbege.

Miaka yote ya kesi hakuna aliyeniuliza, nami sikusema. Mimi ni mtoto wa kike, nimeolewa, niko nje, nikaona hayanihusu. Ukweli ni kwamba niliogopa, maana ninachokikumbuka ni cha kuwapa haki watoto wa baba mdogo kwenye lile isale moja.

Jana usiku nimempigia kaka. Sikumweleza Laxton. Nilimwomba aende na simu mpaka kwenye mpaka anipigie picha, isale moja moja, kuanzia barabarani. Alilalamika, akaenda. Picha zimefika leo. La kwanza lipo, limekuwa nene kuliko mkono wangu. La pili lipo. La nne lipo, limeinama. La tatu halipo, pana kishimo chenye maji na mzizi mmoja wa mgomba.

Likizo yangu ni tarehe 20 mwezi huu, nilikuwa niende Manchester kwa rafiki. Nimebadilisha, nakwenda nyumbani. Nitawaomba wote waje tukiwa na mchana, watu wazima wa pande zote mbili, na mama awe kwenye kiti pale pale. Mfereji bado upo, kwa hiyo mahali pa shimo la kwanza panaonekana, na nitaonyesha na la pili.

Swali la mwisho kwa wenye mkono wa kupanda: isale likikatwa sasa mwezi wa kumi na mbili litashika, au nisubiri masika?

---

Mzee_wa_Plau alijibu:

Linashika. Kwenu vuli huwa inaacha unyevu. Kata kipande kirefu kama mkono kutoka lile la kwanza lililonenepa, kiache kivulini siku mbili kidonda kikauke, kisha zika theluthi yake na ushindilie kwa kisigino. Mwambie mtoto mmoja wa kila upande abebe ndoo.